Vitu Saba vya Bandani na Mguu wa Kigoda

Umetimia mwaka mmoja sasa, Baba, tangu asubuhi ile ya mwezi wa Mfunguo Nne, karafuu ndio kwanza zinaanza kuchumwa, ulipotoka na kikombe chako cha chai ya rangi kwenda bandani, ukamwambia Mama utarudi kabla uji haujapoa. Uji ulipoa. Mama alikufuata na maneno yake mdomoni, maana mazoea hayo alikuwa anayajua, akakukuta umekaa chini, mgongo ukutani, kamba ya usumba wa nazi ingali imekuzunguka kidole. Akadhani umesinzia. Alikugombeza kwanza, ndipo akajua. Mpaka leo maneno yale ya kukugombeza humrudia. Sisi humwambia kwamba hukuyasikia, naye hutuuliza sisi tumejuaje.

Ulikuwa Mzee Pandu Mjaka, fundi wa Wawi, na hapa petu jina hilo lilitosha. Jembe lililochomoka mpini, kitanda kilicholegea, mlango uliovimba kwa masika, kiatu cha mti kilichovunjika msuruaki, vyote vilikujia wewe. Mtu akikuletea kitu hukukimbilia nyundo. Ulikigeuzageuza, ukakigonga kwa ukucha, ukakitegea sikio, kisha ukasema, "Hakijafa hiki." Mwenyewe akaenda zake moyo umetulia. Na palipofiwa, wewe ndiye uliyepasua kiunza, ule ubao wa kumfunikia maiti kaburini, na hukupata kupokea hata kuku kwa kiunza cha mtu. Ulikuwa ukisema hiyo ndiyo kazi pekee ambayo mwenyewe harudi kuilalamikia.

Nyumbani kwako sasa, mfinyanzi hulia gaeni. Kigoda cha Mama cha jikoni, kile cha miguu mitatu, kilivunjika mguu mmoja, akakitegemeza kwa jiwe. Kila akikaa kupika kiliyumba, na kila kikiyumba alikuita. Nawe ulijibu, "Kesho, Kazija." Miaka mitatu ya kesho. Mama alifika hadi ya kuwaambia wageni kwamba yeye ameolewa na fundi wa watu, na wewe ulicheka kuliko wageni wenyewe.

Miaka hiyohiyo mitatu ndiyo uliyoanza kuokota. Tungekuwa tunajua jina la jambo lile tungelitaja. Hukuokota vitu vya maana. Uliokota kifuniko cha buli kisicho na buli, kitasa kisicho na mlango, taya la mbuzi lililokaushwa na jua, kitana kilichong'oka meno, vifuu, vigae, makonyo ya karafuu. Ulikwenda kwa miguu mpaka Chake Chake macho chini kama mtu aliyedondosha pete, ukarudi mifuko ya koti imevimba. Kisha ukajifungia bandani. Ulitoboa kwa keekee, ukachomeka vigingi, ukafunga kwa kamba, kitu juu ya kitu, mpaka kikasimama. Kikishasimama ulikaa mbele yake ukakitazama. Mara nyingine ulikifungua chote ukaanza upya, na chakula kimeandikwa.

Mama alikuuliza. Si mara moja.

"Baba Mjaka, hivi ni vitu gani?"

Ukamjibu bila kugeuza uso, "Sijui bado. Nikijua ntakwambia."

Siku ulipofariki vilikuwa saba. Sita vimesimama vyenyewe. Cha saba kimeegemea ukuta, kina miguu miwili mifupi na tundu tupu la mguu wa tatu. Ulikwenda bila kumwambia, na hapa ndipo tunapochanganyikiwa, Baba, wala hatuoni haya kulisema mbele za watu. Mtu aliyeahidi kusema, akafa kabla ya kusema, je, alikuwa ameshajua au alikuwa bado?

Ulipozikwa, kaka yetu Mjaka alisimama makaburini akasema kama inavyosemwa, kwamba mwenye haki yake kwa marehemu, au mwenye kitu chake kwa marehemu, aje kwetu. Hakuja mtu kwa siku sita. Siku ya saba Bi Mwanapili, jirani yetu wa mkabala, alikuja kumtazama Mama edani. Alizunguka uani kuchota maji pipani, akaona mlango wa banda umeachwa wazi, akachungulia. Tulimsikia akitaja jina la Mwenyezi Mungu kwa sauti ambayo hatukuizoea. Tulipomfikia alikuwa amesimama mbele ya kile kitu cha nne, kile kirefu chenye sahani ya mizani kichwani. Katikati yake, kimefungwa kwa kamba, palikuwa na kiatu cha mti kidogo, cha mguu wa kulia.

"Hiki ni cha Mwanawema," alisema. "Hiki ni kiatu cha mwanangu."

Kwa asiyejua: Mwanawema alikuwa binti yake wa pekee, miaka tisa, aliyekufa kwa homa miaka miwili kabla yako. Bi Mwanapili alikuwa na kiatu cha kushoto sandukuni. Cha kulia alikitafuta mpaka chini ya mawe ya jiko asikione. Sasa amekiona, kwa mtu ambaye si ndugu yake, kimefungwa pamoja na taya la mnyama.

Wewe ni Mpemba, Baba, hatuna haja ya kukueleza. Mtu anayeokota vitu vya watu hapa petu haulizwi anaviokotea nini, maana jibu watu wanalo tayari. Mchawi anayemchukua mtu humchukua kwa kitu chake. Maneno yalitoka Wawi asubuhi, jioni yamefika Konde. Yule aliyekuwa akitupita na kutusabahi sasa alipita. Kwenye arubaini yako tulitandika majamvi matano, mawili tukayakunja hayajakaliwa. Tulipika sufuria ya watu mia tukaila sisi wenyewe siku tatu, na kila tonge lilikuwa na jina lako ndani yake.

Mama alikuwa edani, ndani ya nyumba na ua, miezi minne na siku kumi, hawezi kutoka kukutetea. Na tuseme kweli, kwa kuwa hukupenda kupambiwa: hakuwa na la kukutetea nalo. Angesema nini? Kwamba mumewe wa miaka thelathini na nne alikuwa akifanya jambo asilolijua? Kila asubuhi alikokota kile kigoda chake kibovu mpaka bandani, akakaa mbele ya vitu vyako, akayumba, akavitazama kimoja kimoja. Siku moja aliwaza kwamba ulikuwa mtu mwema aliyerukwa na akili. Kesho yake akawaza kwamba akili zilikuwa zako timamu na wema ndio uliokuwa wa kujionyesha. Akamwomba Mungu msamaha kwa kuwaza hivyo, kisha akawaza tena.

Mjaka alimleta Shehe Abrahman kutoka Tibirinzi atoe hukumu, kama ni sanamu au si sanamu, kwa sababu mwenye kuchonga chenye roho mambo yake yanajulikana. Shehe alivua viatu nje ya banda, hatujui kwa nini, akazunguka vyote saba akiwa amefumba mikono nyuma. Akauliza kile cha pili ni nini. Mjaka akasema ni ngazi ya kuchumia karafuu. Dada yetu Siti akasema yeye siku zote amekiona kuku anayeatamia. Shehe akasema kwake yeye kimekaa kama mimbari. Akamgeukia Mama, akamuuliza, "Na weye, Bi Kazija?" Mama akasema yeye anaona kifuniko cha buli juu ya kitasa. Shehe akasema hawezi kuhukumu kitu asichokijua ni kitu gani, na kwamba wasiwasi si ushahidi, akavaa viatu vyake. Tulimshukuru. Tulibaki palepale.

Mjaka akataka vichomwe. Usimlaumu. Ana watoto wa kuoza na kuoa, na jina la babu yao lilikuwa linavutwa njiani. Siti alikubaliana naye, na sisi wengine tulikwishaleta mafuta ya taa. Mama akasimama mlangoni mwa banda na kaniki yake ya eda.

"Mkivichoma, ntajuaje?" alisema. "Alisema ataniambia. Niacheni nimalize eda yangu."

Tukamwacha. Lakini lilikuwapo jambo jingine ambalo hakutuambia sisi, alikuja kulisema baadaye. Katika asubuhi zote zile alikuwa anatafuta kitu chake. Kipande cha kanga yake, kijiko chake, kipini chake kilichopotea mwaka wa mafuriko, chochote. Umekusanya vya dunia nzima, mpaka kitana cha mtu asiyejulikana, na cha Kazija hakimo hata kimoja. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya uchawi. Mchawi angalau humchukua mtu wake wa karibu, alisema, na alipolisema alicheka, kisha akalia.

Siku eda ilipoisha alioga, akavaa nguo nyingine, na badala ya kwenda kwa ndugu zake kama wenziwe, alichukua kisu akaenda bandani. Alisema liwalo na liwe, cha Bi Mwanapili atamrudishia mwenyewe mkononi. Akakata kamba. Kiatu kilipomwangukia kiganjani akakigeuza, akakigonga kwa ukucha. Miaka thelathini na nne na fundi, mkono hujifunza. Ndipo akaona. Ubao wa kiatu ulikuwa mzee, umelika kisiginoni kwa kutembea. Msuruaki, kile kigingi cha kubania vidole, ulikuwa mpya. Haujaguswa na kidole cha mtu.

Alitoka nacho barabarani kichwa wazi, tukamkimbilia na ukaya. Bi Mwanapili alimfungulia mlango nusu.

"Leta cha kushoto," Mama alimwambia.

Akakileta. Wakaviweka sakafuni, pamoja. Cha kushoto kilikuwa na msuruaki mweusi, wa zamani. Bi Mwanapili akavitazama muda mrefu, na tuliokuwa nje tuliona uso wake ukikumbuka kabla mdomo haujasema. Kulikuwa na siku mtoto alirudi akichechemea, msuruaki umevunjika. Mama mtu alikuwa anatwanga, akamwambia aende kwa fundi Pandu asimsumbue. Mtoto akaenda. Jioni ile homa ikaanza, na siku ya tano wewe, Baba, ulipasua kiunza kidogo.

"Kwa nini hakuniletea?" Bi Mwanapili aliuliza.

"Angekuletea, angesema nini?"

Bi Mwanapili alivaa ukaya wake, akatoka nyumba hadi nyumba, kulekule alikoyapeleka maneno ya kwanza, akayapeleka na haya. Hakubakisha mlango. Kazi hiyo ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza, sote tunajua, na kwa hilo tunamheshimu mpaka leo. Kiatu alibaki nacho siku tatu, kisha akakirudisha kimefungwa katika leso. Alimwambia Mama akirudishe kilikokuwa, nyumbani kwake hakina pa kukaa. Wakaingia bandani wawili kukifunga. Fundo lako hawakuliweza. Wamekifunga kwa fundo la kufungia mizigo ya kuni, kimekaa upande, na kitu kizima sasa kinaonekana kama kinamsikiliza mtu.

Basi Mama akasema amekuelewa. Kwa siku nne alikuwa mtu mwingine kabisa. Alisema hivi vyote ni vitu ulivyovitengeneza na wenyewe hawakurudi kuvichukua, hukuthubutu kuvirudisha wala kuvitupa, basi ukavipa pa kusimama. Akaanza kuulizia kimoja kimoja. Kitasa, kweli, ukikizungushia ufunguo kinafunga na kufungua, kinafunga hewa. Kifuniko cha buli kimegandishwa ufa wake. Mambo yakawa yanakwenda. Kisha akampelekea salamu Bwana Esmail, mwenye duka Chake Chake, kuhusu sahani ya mizani, na Bwana Esmail akaja mwenyewe. Alisema sahani ile haikuvunjika wala hakukuletea. Aliitupa nyuma ya duka siku aliponunua mizani mpya, akakuona ukiiokota, ukaipangusa kwa kanzu, ukaondoka nayo kama umepewa zawadi. "Nilidhani Mzee Pandu amechoka kichwa," alisema, akaomba radhi. Na taya la mbuzi je? Nani anatengeneza taya la mbuzi? Na makonyo ya karafuu, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa? Elimu yote ya siku nne ikamwagika. Mama akarudi kwenye kigoda chake, akayumba.

Masika ikaja. Siku moja mvua ilimkuta bandani, ikawa inapigia ndani, akaufunga mlango. Hakuwahi kuufunga akiwa ndani, wala yeyote kati yetu. Mlango ule siku zote husukumwa ukalala ukutani. Nyuma yake, kwenye msumari, ulining'inia mguu wa mti. Mfupi, wa mfenesi, umepigwa randa mpaka unateleza, kichwa chake kimechongwa tayari kwa kuchomekwa. Haujafungwa kwenye kitu chochote.

Mama aliushika kwa mikono miwili. Alisema moyo ulimpiga kama bi harusi. Akakipindua kigoda, akalitoa jiwe la miaka mitatu na zaidi, akauchomeka mguu katika tundu lake. Ukaingia. Akakaa, kigoda kikatulia, kwa mara ya kwanza. Akakuita kwa jina, peke yake mle ndani, mvua inanyesha. Ile kesho yako ilikuwa imefika.

Kisha macho yake yakaenda ukutani, kwenye kitu cha saba, kile chenye miguu miwili ya mfenesi, mifupi, iliyopigwa randa mpaka inateleza.

Hakutaka kuujaribu. Alisema alikaa mpaka mvua ikaanuka, anajizuia. Halafu akauchomoa mguu kigodani, akaenda, akauchomeka kule. Ukaingia vilevile. Kitu kikaachana na ukuta, kikasimama.

Alitwita sote. Mjaka alipima kwa kijiti, Siti akapima kwa macho. Lakini wewe, Baba, keekee yako ilikuwa na jino moja tu maisha yako yote. Kila tundu ulilotoboa Wawi hii ni sawa na jingine. Mguu mmoja, matundu mawili, na aliyejua ni wa wapi amelala chini ya kiunza. Ulikuwa ni wa mkeo au wa kile kitu? Na kama ulikuwa wa mkeo, mbona hukuuleta jikoni, hatua ishirini? Na kama ulikuwa wa kile kitu, mbona uliuficha nyuma ya mlango, kana kwamba ni zawadi? Au kile kitu cha saba ndicho kilichokuwa cha Mama, na kigoda chake kingesubiri kesho nyingine? Tumekesha na maswali haya. Hatukasiriki tena. Tumechanganyikiwa tu, na kuchanganyikiwa huku kumetuweka karibu nawe kuliko tulivyokuwa ukiwa hai, maana ukiwa hai tulikuwa tunakupita bandani mle bila kuuliza.

Leo tunakusomea hitma ya mwaka. Majamvi ni yaleyale matano na yote yamekaliwa, wengine wamekalia mchanga. Shehe Abrahman anasoma. Bi Mwanapili yuko jikoni tangu alfajiri, anakuna nazi, na Mama yuko kando yake anapika, amekaa juu ya kigoda chake na hakiyumbi.

Mwenye kutaka kujua tuliamua nini kuhusu ule mguu, hatukuamua. Mama ndiye anayeamua, kila siku, mara mbili. Asubuhi huuchomeka kigodani akapika. Akimaliza kupika huupangusa majivu, huuchomoa, akavuka ua nao mpaka bandani, akakisimamisha kile kitu chako. Hukaa mchangani mbele yake akakitazama. Mjukuu wako mdogo, Kazija wa pili, jana alimfuata akamuuliza, "Bibi, hiki ni nini?" Mama akamjibu bila kugeuza uso, "Sijui bado," jibu ambalo mtoto hakujua ni la nani.

Wanaokukumbuka ni mkeo Bi Kazija, watoto wako Mjaka, Siti, Matano na Kombo, wake na waume zao, wajukuu wako kumi na mmoja, na jirani yako Bi Mwanapili, aliyeomba atajwe humu pamoja na marehemu mwanawe, Mwanawema. Mola akulaze pema.

Hatutakusahau daima, Baba. Ukishajua, tuambie.